Funika Maneno Kwanza: Mwongozo Kamili wa Kutazama Picha za Kitabu cha Hadithi

Chukua kitabu cha picha cha Kikofia Chekundu, ile hadithi ya Ulaya ya msichana anayekutana na mbwa mwitu njiani kwenda kwa bibi yake, kiwe kipya cha dukani au cha mtumba kilichokwisha kung'oka jalada. Tafuta karatasi ngumu ya kufunikia maneno, kioo cha kukuzia ukiweza kukipata, na saa moja ambayo hakuna atakayekuita jikoni wala dukani. Nimechagua hadithi hii kwa sababu wachoraji wa kila aina wameichora, na kwa sababu ndiyo niliyoitazama mara nyingi zaidi na watoto wa Walukuba, hapa Jinja, Uganda, tunapokutana Jumamosi alasiri. Kama ulicho nacho ni Cinderella, au hadithi ya binti aliyelala miaka mia, hatua ni hizihizi.

Wengi wetu tulizoezwa kusoma kwa kukimbiza maneno. Picha ilikuwa ya kumtuliza mtoto ambaye bado hajajua herufi, na kadiri ulivyopanda darasa ndivyo vitabu vilivyopungukiwa picha. Mimi nilisoma hivyo, nikafundisha hivyo kwa miaka. Kisha Jumamosi moja nikawa nawasomea watoto huku nimewageuzia picha ya Gustave Doré, mchoraji Mfaransa wa karne ya 19, ile ambayo msichana yumo kitandani na mbwa mwitu aliyejifanya bibi. Nilifika pale anaposhangaa jinsi bibi alivyo, nikataka kufunua ukurasa. Msichana wa miaka saba akanishika mkono. "Mwalimu, ngoja. Mbona hakimbii?"

Maneno hayakuwa yamesema lolote kuhusu kukimbia. Yalisema anashangaa tu. Nikaigeuza picha nikaitazama: mtoto amejivutia shuka, macho yamemwendea pembeni yule mnyama mwenye kofia ya kulalia. Amekwisha kujua. Katika maandishi bado anauliza maswali yake ya masikio, macho na meno. Katika picha ameshapata jibu na hana pa kwenda. Nilikuwa nimeusoma ukurasa ule sijui mara ngapi, na hilo sikuwa nimeliona hata siku moja, kwa kuwa macho yangu yalikuwa kwenye mistari ya maandishi. Yote yanayofuata hapa yametokana na swali la mtoto yule.

Hatua ya 1: Jua hadithi ni ya nani na mchoro ni wa nani

Anza kwenye ukurasa wa jina la kitabu. Tafuta palipoandikwa nani amechora. Matoleo mengi ya bei nafuu hayamtaji mchoraji, nami naona hiyo ni dhuluma, maana nusu ya kitabu ni kazi yake. Jina likiwepo, liandike mahali. Utalihitaji ukitaka kuona kazi zake nyingine.

Kisha jua unatazama hadithi ipi, kwa sababu Vikofia Vyekundu maarufu ni viwili. Kimoja ni cha Charles Perrault, Mfaransa, aliyechapisha mwaka 1697. Kingine ni cha ndugu Grimm, Wajerumani, katika mkusanyiko wao wa mwaka 1812. Huhitaji kusoma hata neno moja ili uwatofautishe. Angalia alichobeba mtoto: kwa Perrault ni mkate bapa na kichungu cha siagi, kwa Grimm ni keki na chupa ya mvinyo. Angalia kitanda: kwa Perrault mtoto anapanda kulala, kwa Grimm anasimama kando na kufungua mapazia. Halafu ruka hadi picha ya mwisho. Ukiona mwindaji, mkasi na mawe, hiyo ni ya Grimm. Bibi na mjukuu wametolewa tumboni wakiwa hai. Perrault hana mwindaji. Mnyama anamla mtoto na hadithi inaishia hapo.

Wapo wachoraji wanaochanganya, na hapo ndipo penye utamu. Chupa ikikosekana kwenye kikapu cha Grimm, jiulize nani aliitoa. Trina Schart Hyman, Mmarekani, aliichora chupa katika kitabu chake cha mwaka 1983, kitabu kikapata heshima ya Caldecott, tuzo ya Marekani ya vitabu vya picha, mwaka uliofuata, na bado karibu na mwaka 1990 kuna shule za California zilizokiondoa kwa ajili ya chupa hiyo. Siwabezi waliofanya hivyo. Naishi na familia za Kiislamu, najua chupa inavyozua mazungumzo nyumbani. Nataka tu uone uzito wa kitu kidogo kilichochorwa ndani ya kikapu.

Neno kofia nalo linahitaji kutazamwa. Mtoto wa Kiswahili akisikia kofia, mara nyingi humwona baba yake akienda kuswali. Kwa Grimm ni kofia ndogo ya mahameli. Kwa Perrault ni vazi la kichwani la wanawake wa zamani. Wachoraji wengi wa Kiingereza wameligeuza kuwa joho lenye kofia inayofunika kichwa na mabega. Usieleze mapema. Waonyeshe, kisha waulize: hii tunaiitaje? Mmoja wa watoto wangu alisema hijabu, na sikumsahihisha, kwa sababu alikuwa ameitazama inavyokaa kichwani na mabegani, naye alisema kweli ya alichokiona.

Hatua ya 2: Mwanga, mikono, na idadi ya watazamaji

Keti karibu na mlango au dirisha, mwanga utoke ubavuni. Taa ya juu humeremeta kwenye karatasi laini ikaufuta weusi wote. Nawa mikono, mafuta ya chapati yakiingia kwenye karatasi hayatoki.

Watoto wakizidi sita kwa kitabu kimoja, hawatazami, wanachungulia. Wagawe makundi, au peleka ukurasa mmoja kwenye duka la fotokopi ukuzwe. Michoro ya mistari hustahimili fotokopi. Ya rangi za maji hugeuka tope. Na kama huna kitabu kabisa, Doré alifariki mwaka 1883, nao wachoraji wa Kiingereza Walter Crane 1915 na Arthur Rackham 1939, kwa hiyo hakimiliki za kazi zao za zamani zimekwisha na zinapatikana bila malipo. Project Gutenberg, maktaba ya bure ya mtandaoni, ina vitabu vyao kadhaa vyenye picha, na simu yoyote yenye intaneti huvifungua.

Hatua ya 3: Funika maneno

Weka karatasi ngumu juu ya maandishi yote. Hesabu kimoyomoyo hadi sitini kabla ya kufungua mdomo. Ukifika ishirini utahisi umemaliza. Hujamaliza, vitu ndio kwanza vinaanza kujitokeza: kiatu kilichovuliwa, mlango ulioachwa wazi, moshi unaotoka kwenye nyumba ya mbali.

Kisha sema unachokiona kabla ya unachokijua. "Naona mti wenye mizizi iliyojikunja" ni kuona. "Huu msitu ni wa hatari" ni kudhani. Vyote viwili vina nafasi yake, ila kuona kutangulie, na kila dhana iweze kuonyeshwa kwa kidole.

Ukiwa na watoto, maswali matatu yanatosha. Kuna nini kinaendelea hapa? Umeona nini hata ukasema hivyo? Kuna nini kingine? Yametokana na njia ya Abigail Housen na Philip Yenawine, waliowafundisha watu kutazama sanaa kwenye makumbusho ya Marekani, na nimeyatumia kwa Kiswahili bila shida yoyote. La pili ndilo lenye kazi. Mvulana mmoja alisema bibi ni mgonjwa sana. Nikamwuliza ameona nini. "Ni mchana na dirisha limefungwa, na karibu na kitanda kuna kiti kimoja tu. Hakuna anayekuja kumwona." Mimi nilikuwa nimesubiri aseme amelala kitandani.

Tatizo letu kubwa ni mnyama. Watoto wa Jinja hawajamwona mbwa mwitu wa Ulaya, na katika Kiswahili chenyewe jina hilo ni la mnyama mwingine, yule mwenye mabaka anayewinda kwa makundi katika mbuga za Afrika. Kwa hiyo utasikia mbwa, utasikia fisi. Najua walimu wanaobadilisha moja kwa moja na kusoma "fisi" tangu mwanzo. Kwa masikio si vibaya, lakini kwa macho unaharibu, kwa kuwa unamwambia mtoto asiamini anachokiona. Acha aseme fisi mwenyewe, kisha mlinganishe. Fisi wa hadithi zetu ni mlafi na mjinga, Sungura humchezea anavyotaka. Huyu wa Ulaya ni mlafi na mjanja, anajua kuzungumza na mtoto njiani. Niliwauliza: fisi wetu angesimama hivi mbele ya mtoto? Wakafikiri. "Hapana," akasema mmoja, "huyu anajifanya ana adabu."

Hatua ya 4: Fuata macho

Kwa kidole, chora mstari hewani kutoka kwenye jicho la kila mhusika hadi kwenye kitu anachokitazama. Fanya hivyo katika kila picha, hata zile zinazoonekana rahisi. Nisingeruhusiwa kufundisha ila hatua moja kati ya hizi, ningechagua hii.

Katika picha ya Doré ya msituni, msichana ameinua uso kumtazama mnyama. Hatazami njia, hatazami alichobeba. Mnyama ni mkubwa na amesimama karibu naye mno, kiasi kwamba wangeweza kugusana. Vigogo vya miti vimewazunguka. Kinachotisha hapo ni ukaribu wao: mtoto hajarudi nyuma hata hatua moja. Waambie watoto wawili wasimame kama walivyosimama hao wawili, umbali uleule. Watacheka, kisha watasogea nyuma wenyewe, na hapo watakuwa wameielewa picha kwa miili yao.

Crane alifanya jambo tofauti. Mbwa mwitu wake amejifunika ngozi ya kondoo. Sasa kuna watu wawili wanaotazama: msichana ndani ya picha, na wewe nje yake. Wewe unauona ujanja, yeye hauoni. Watoto wadogo huanza kumpigia kelele wakifika hapo, wakimwonya. Waache wapige kelele.

Kuna na jicho la tatu, nalo ni lako. Mchoraji amekuweka wapi? Ukiona sakafu nyingi na vichwa vya watu kwa juu, amekupandisha. Ukiona chini ya meza na ncha za viatu, amekuchuchumaza kwenye kimo cha mtoto. Katika kitabu kizuri jicho hilo huhamahama kwa sababu. Likishuka ghafla kwenye ukurasa ambao mlango wa bibi unafunguliwa, jiulize mchoraji alitaka uwe nani dakika hiyo.

Hatua ya 5: Njia inaelekea wapi

Vitabu vyenye herufi za Kilatini husomwa kuelekea kulia, na wachoraji wengi huwatembeza wahusika upande huohuo. Anayeondoka nyumbani huelekea kulia. Anayerudi, au anayemzuia mwenzake, huelekea kushoto. Si sheria, lakini ukiijua utaona inapovunjwa, na inapovunjwa huwa kuna sababu.

Watoto wanaokwenda madrasa hulishika jambo hili upesi kuliko wengine, kwa kuwa wanajua tayari kwamba kitabu kinaweza kuanzia upande wa pili. Niliwauliza: kitabu hiki kingeandikwa kwa Kiarabu, mtoto angetembea kuelekea wapi? Hawakujibu kwa maneno. Mmoja alikishika kitabu akakielekeza kwenye kioo kilichokuwa ukutani.

Angalia pia zizi la katikati, pale kurasa mbili zinapokutana. Mchoraji makini humweka mtoto upande mmoja na mnyama upande mwingine, zizi likawa kama mto kati yao. Funua polepole uone nani analivuka kwanza.

Hatua ya 6: Ingia kwenye wino

Sasa chukua kioo cha kukuzia. Kama huna, kamera ya simu ikivutwa karibu inatosha. Hapa naomba usiwe na haraka, kwa kuwa namna picha ilivyotengenezwa ndiyo iliyoamua namna inavyokugusa.

Tazama sehemu ya kivuli kwenye msitu wa Doré. Kwa mbali ni kijivu. Ndani ya kioo kijivu hakipo. Kuna wino mweusi na karatasi nyeupe, na mistari myembamba isiyohesabika inayosogeleana panapotakiwa giza na kuachana panapotakiwa mwanga. Michoro hiyo ya mwaka 1862 ilichongwa kwenye ubao mgumu uliokatwa kwa kukingama gogo, ili nyuzi za mti zisipasuke chini ya chombo cha mchongaji. Mchongaji aliondoa kila palipotakiwa kubaki peupe, na palipobaki pameinuka ndipo palipopokea wino. Ndiyo maana chini ya picha za Doré mara nyingi utakuta majina mawili, la kwake upande mmoja na la mchongaji upande wa pili. Waonyeshe watoto majina yote mawili. Giza lile la msituni limechongwa na mkono wa mtu ambaye hakuna anayemtaja.

Wasipoelewa, kata kiazi kitamu katikati, chonga nyota iliyoinuka, paka wino wa muhuri, gandamiza kwenye karatasi. Kwa dakika tano watakuwa wachapaji, na hawatasahau tena kwamba peupe ndipo palipokatwa.

Halafu weka kando yake picha ya Crane ya miaka ya 1870. Mistari ni minene, rangi ni tambarare, kama kitenge. Crane alikuwa ameipenda sana michoro ya Kijapani na inaonekana katika mikunjo ya nguo na katika ujasiri wa weusi wake. Mchapaji wake, Edmund Evans, alitumia ubao mmoja kwa kila rangi, karatasi ikapita kwenye kila ubao kwa zamu. Ukiona wekundu umeteleza nje ya mstari wake, kama maua ya kitenge cha bei rahisi yanavyoteleza, ujue ubao au karatasi ilisogea kidogo siku ile. Mimi huupenda mtelezo huo. Ni kama alama ya kidole.

Kwa Rackham mambo ni mengine. Matoleo yake ya Grimm ya mwaka 1909 yalichapwa wakati kamera imekwisha kuingia kwenye kazi hii: picha ilipigwa kupitia vichujio, ikatenganishwa rangi tatu, ikachapwa kwa nukta. Yeye alianza na kalamu na wino, mstari wenye mikunjo na mafundo, kisha akapitisha rangi za maji hafifu za kahawia na manjano juu yake. Mstari ule wa wino ulishika umbo la picha hata rangi zilipofifia mashineni. Misitu yake kwa hiyo ni kama ya alfajiri yenye ukungu, na miti ina mizizi kama vidole. Mtoto aliyewahi kupita msitu wa Mabira kwenye teksi ya Kampala anaijua mizizi mikubwa inayosimama juu ya ardhi, na hamshangai Rackham hata kidogo. Mtu mzima ndiye anayesema mchoraji ametia chumvi.

Njia hiyo ya nukta ilitaka karatasi laini inayong'aa, tofauti na karatasi ya maandishi. Picha zikachapwa peke yake na kuingizwa kitabuni baadaye, wakati mwingine kurasa kadhaa mbali na tukio lake. Usidhani kitabu kimekosewa. Tafuta sentensi inayohusika, weka uzi au karatasi hapo, mwende na kurudi.

Kitabu cha leo kina nukta za rangi nne: samawati, majenta, manjano na nyeusi. Ukiwa Kampala, tembea Nasser Road, mtaa wa wachapaji, uombe kwa heshima uonyeshwe karatasi za majaribio za kazi moja kabla rangi zote hazijakutana. Nilimpeleka mpwa wangu pale. Aliona uso wa mtu ukiwa manjano tupu, kisha ukapata majenta, kisha samawati, na mwisho weusi ulipoingia akasema, "Sasa amefungua macho."

Jambo moja la mwisho kabla ya kuweka kioo chini: nyekundu. Hesabu ni wapi kwingine wekundu umetokea pasipo kofia yenyewe. Kwenye uyoga? Kwenye ulimi? Kwenye pazia la bibi? Kama mchoraji ameuweka mahali pawili tu, hakuna bahati nasibu hapo.

Hatua ya 7: Pembeni

Mapambo ya ukingoni watu huyapita kama uzio wa jirani. Ivan Bilibin, Mrusi aliyechora hadithi za kwao mwanzoni mwa karne ya 20, aliyafanya kuwa sehemu ya hadithi: uyoga, ndege, magome ya miti na michoro ya nguo za vijijini vimezunguka picha, kwa hiyo kabla hujaingia msituni umeshapita kwenye mikono ya wafumaji. Katika hadithi hizo yumo Baba Yaga, bibi mchawi anayesafiri ndani ya kinu, akijisukuma kwa mchi na kufuta nyayo zake kwa ufagio. Huna haja ya kueleza kitu. Kinu kiko uani. Watoto wangu waliuliza swali moja tu, kinu kile ni cha karanga au cha nini, na Bilibin hakuandika jibu popote.

Ukingo usipokuwa na pambo, tazama weupe. Msichana mdogo katikati ya karatasi tupu yuko peke yake kwa namna ambayo hakuna sentensi inayoweza kuisema kwa haraka hivyo.

Hatua ya 8: Funua maneno

Ondoa karatasi, soma ukurasa kwa sauti, mara moja, bila kuigiza sana. Sasa mtafute mambo matatu: kile ambacho picha na maneno wamekisema wote, kile ambacho maneno yamekisema na picha ikakinyamazia, na kile ambacho picha peke yake ndiyo iliyokijua. Cha kwanza kipite. Cha pili huwa ni sauti, harufu, na muda. Cha tatu ndicho ulichokuja kukitafuta.

Na kama hakuna cha tatu, kama picha inarudia tu maneno kwa rangi, kitabu hicho kina picha za kujazia nafasi. Viko vingi, vyenye macho makubwa na mashavu yanayong'aa, mnyama akiwa na tabasamu kwenye kila ukurasa. Sivinunui tena, hata vikiwa vipya na bei ikiwa ndogo. Afadhali kitabu kimoja kilichopasuka chenye mchoraji aliyefikiri.

Hatua ya 9: Chagua kipindi chako

Doré alichora picha tatu tu kwa hadithi hii: kukutana msituni, mnyama akimrukia bibi, na wawili hao kitandani. Hakumchora mtoto akiliwa. Alisimama pumzi moja kabla. Kila mchoraji wa hadithi huanza na uamuzi huo, wa lini asimamishe saa, na njia bora ya kuuelewa ni kuufanya mwenyewe.

Wape watoto hadithi wanayoijua bila kitabu. Mimi hutumia Kintu na Nambi, hadithi ya Waganda ya mtu wa kwanza na mkewe aliyetoka mbinguni, ambayo hapa kwetu hata asiye Mganda ameisikia. Ggulu, baba yake Nambi, amewaambia waondoke mapema na wasirudi nyuma kwa lolote, ili Walumbe, ndugu wa Nambi, asiwafuate. Njiani Nambi anakumbuka kwamba wimbi, yaani ulezi, la kuku limesahauliwa. Katika masimulizi mengi ni yeye anayerudi, na Walumbe anamfuata hadi duniani akiwa na kifo mkononi.

Gawa karatasi, moja kwa kila mtoto, na sema: picha moja tu, bila maneno. Usiwaonyeshe ya mtu mwingine. Usiwasaidie kuchora mikono. Kila mtu hupata tabu na mikono. Wape dakika thelathini, kisha bandika zote ukutani na mzitazame kwa hatua zilezile, mkianza na sekunde sitini za kimya.

Jumamosi tuliyofanya hivyo, wengi walimchora Walumbe, mkubwa, mweusi, mwenye meno. Wawili walimchora Kintu akimshika mkewe mkono. Mmoja, mdogo kuliko wote, alichora kuku. Kuku amesimama mdomo wazi, na chini mbele yake karatasi ni tupu. Nilimwuliza Nambi yuko wapi. Akaweka kidole mezani, nje ya karatasi, upande wa kushoto.

"Amerudi kuchukua wimbi," akasema.